Mama Anadhani ni Kifua Kikuu

Mkolani, Mwanza
2 Juni 2024

Kaka Jovinary,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Nilikuahidi barua tangu mama alipotoka hospitali, na sasa mvua zimekwisha, vumbi la Mkolani limeanza kuingia mpaka kwenye sufuria, ndiyo kwanza nashika kalamu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Kila nikikaa, ama mama anataka kugeuzwa, ama Evelina analia, ama uji unachemka na kumwagika. Leo Mihayo amerudi kutoka mgodini, amembeba mtoto mgongoni kwa kanga, majirani wanamcheka, wanamwita mama Evelina. Hajali. Mimi nimekuja kukaa nje kwenye kivuli cha ukuta.

Hapa tunasukuma siku. Evelina ameota meno ya mbele, anatambaa kwa kasi, ukigeuka tu yuko kwenye mkaa. Shemeji yako anakusalimu. Wifi Kokulinda hajambo? Na watoto, na shule yako? Ndizi tumezipata. Ta Muganyizi alizishusha melini akazileta mwenyewe mpaka mlangoni, na barua hii nitampa yeye, maana keshokutwa anarudi Kemondo kuchukua mzigo mwingine.

Simu nimeiacha makusudi. Nyumba yetu unaijua, chumba na sebule, katikati pazia. Mama anasikia mpaka ninavyochambua mchele. Nikikupigia anasema, "Nipe na mimi niongee na mwanangu," nawe ukiisikia sauti yake unaanza habari za mvua na kahawa. Nikitoka nje nikupigie nikiwa peke yangu, nikilifikia jambo lenyewe, mtandao unakatika. Siku hizi mtandao wa Kemondo unakatika mahali pale pale kila mara, kaka.

Basi jambo lenyewe ni hili. Siku ile nilikupigia kutoka hospitali ya rufaa majibu ya kile kinyama walichomkata kifuani wakakipime yalipotoka. Ulisema neno moja, "Usimwambie," ukakata. Sikupata nafasi ya kukueleza. Sasa nakueleza.

Daktari alinikalisha akanionyesha picha. Pafu la kulia chini pana uvimbe, na maji yamejaa pembeni yake, ndiyo yanayombana pumzi. Saratani. Imeshafika kwenye ini na kwenye mfupa wa mgongo, ule mgongo tuliokuwa tunausugua na dawa ya kuchua. Akaniuliza, "Mama yako anavuta sigara?" Nikasema hajawahi. "Anapikia kuni?" Kaka, nilitaka kucheka. Nikamwambia mama yangu hakupikia kuni, aliishi ndani ya kuni. Nikamweleza banda la kubanikia sangara, la udongo, halina dirisha kwa sababu moshi ukitoka samaki hakauki vizuri, na yeye yumo humo ndani anageuza samaki tangu mimi sijazaliwa. Akaandika. Akasema hawezi kuapa kwamba ni hilo peke yake, wako wanaopata bila sababu inayojulikana, lakini moshi wa namna hiyo kwa miaka hiyo yote hula pafu kama tumbaku inavyokula. Na marehemu tata, baba yetu, naye na kiko chake, kila jioni humo humo.

Nikauliza dawa. Akasema kwa alivyodhoofika, zile dripu za saratani zingemmaliza kabla ya ugonjwa. Wakamtoa maji kifuani kwa mrija, wakampiga mionzi ya mgongo ili apate kulala, halafu wakatukabidhi kwa manesi wa tiba shufaa. Hao ni wa wagonjwa ambao ugonjwa hautatoka, ila maumivu yanaweza kutolewa. Anatumia mofini ya maji, kila baada ya saa nne, saa yangu naivaa mpaka bafuni.

Sasa sikiliza kinachonitoa machozi. Unakumbuka zile dawa za kifua kikuu huko nyumbani mwaka jana. Makohozi yalipimwa hayakuonyesha kitu, wakasema picha ina doa, tuanze dawa. Siwalaumu, hata huku wanasema magonjwa haya mawili hufanana. Wewe ndiye uliyesimamia. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ulimwona anameza. Ukamtengea kikombe, sahani, kijiko. Ukamfundisha kuziba mdomo, ukamkataza kukaa karibu na watoto. Ulifanya vizuri, mwalimu ni mwalimu.

Lakini mama bado anaishi kwa sheria zile zile. Kwa sababu tumemficha, nilimwambia ni kifua kikuu sugu, dozi ya pili. Kwa hiyo anakula peke yake, uso ukutani. Kikombe chake cha bati anakiosha mwenyewe, hataki nikiguse. Na Evelina hajambeba tangu alipofika hapa. Hajamgusa hata kidole. Mjukuu wake wa pekee kwa binti yake, wanalala chumba kimoja, na anamtazama kama mtu anayetazama duka la watu.

Naomba kitu kimoja, kaka. Niruhusu nimwambie. Najua kwetu neno kama hilo halisemwi na mtoto wa kike wakati mrithi yuko hai. Basi njoo uliseme wewe. Ama niruhusu mimi. Moja kati ya hayo.

Mdogo wako,
Prudencia


Kemondo
30 Juni 2024

Mdogo wangu Prudencia,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa kidogo, mizigo ya Ta Muganyizi ilimwagikiwa na maji, lakini yote ilisomeka. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Kahawa mwaka huu imezaa, tunachuma, mikono haitoshi. Shule imefungwa ila nasimamia ujenzi wa vyoo, mafundi ukiwaacha wanajenga kwa matope. Kokulinda anaendelea na biashara ya samaki. Watoto wanakusalimu shikamoo shangazi.

Nimesoma uliyoandika kuhusu mama. Prudencia, mama hakuvuta sigara hata moja. Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la sita, najua kitabu kinasema nini kuhusu saratani ya mapafu. Kinasema sigara. Kuhusu hilo banda, tafadhali usiliandike tena kwa namna ile. Banda lile lilinisomesha mimi mpaka chuo cha ualimu, likakusomesha na wewe mpaka ulipoamua kuolewa. Wanawake wote wa ufukwe huu wanabanika samaki. Wangekuwa wanakufa wote tungeona.

Hata hivyo sibishani na daktari. Ninachosema ni hiki: usimwambie. Mwalimu mwenzangu, baba yake alitajiwa ugonjwa huo mchana, akageukia ukutani, hakula tena chochote mpaka tulipomzika. Hakuuawa na saratani, aliuawa na jina. Mama yetu ana matumaini. Wewe unataka kumnyang'anya hayo kwa sababu ya kikombe?

Na kama ulivyosema mwenyewe, neno hilo ni la mrithi. Tata alipofariki aliniachia mimi kibanja, shamba lake la migomba, na watu wake. Nitakuja mwezi wa tisa, shule zikifungwa kidogo. Nitajua la kusema nikifika.

Nimempa Ta Muganyizi chupa mbili za dawa ya mzee mmoja wa Kanyigo. Kijiko kimoja asubuhi kabla ya chai. Imewasaidia wengi wa kifua.

Mtunze mama. Usichoke.

Kaka yako,
Jovinary


Mkolani
11 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumepata mkungu na chupa. Wasalimu wote, mwambie wifi kitenge alichotuma kimemkaa mama vizuri, ingawa kinamzunguka mara mbili siku hizi. Mihayo yuko mgodini. Maji ya bomba yamekatika tangu wiki iliyopita, tunachota kwa jirani, na mashuka ya mgonjwa unajua yalivyo.

Dawa ya chupa sikumpa. Nesi Wilhelmina, anayekuja kutoka tiba shufaa, aliinusa akasema hajui kilichomo na hataki ichanganyike na mofini. Nimeiweka juu ya kabati. Usikasirike. Kasirika ukitaka, lakini sikumpa.

Umeandika usichoke. Kaka, nimechoka. Nakuandikia kama mtu anayezama, si kama mtu anayelalamika. Maji yamejaa tena kifuani, tumekwenda kutolewa mara nyingine, na kila yakitolewa yanarudi haraka zaidi. Mofini inamfunga choo, nampondea papai na kumpa dawa ya kulainisha, ikizidi namfulia, isipotosha analia. Mdomo unamkauka, nausafisha kwa kitambaa laini na maji ya chumvi. Hawezi kulala chali. Namkalisha na mito mgongoni, mwingine mapajani auegemee, maana akiinama mbele pumzi inapita. Ikimbana sana nampepea usoni kwa jalada la daftari. Nesi alinifundisha, upepo wa usoni unaudanganya mwili utulie. Napepea huku nanyonyesha. Siku nyingine nampepea Evelina na kumpa mama titi, utani huo, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Hayo yote naweza. Hili linalofuata siwezi.

Wiki iliyopita nilimtoa mama nje akote jua, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Mimi nafua. Evelina alikuwa amesimama ameshika ndoo. Akaiachia ndoo. Kaka, mtoto akatembea, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake, mikono juu, anacheka. Mama akainua mguu akamzuia kifuani. Hakumpiga, alimzuia tu, lakini mtoto ndiyo kwanza anasimama, akaanguka kwa kisogo kwenye zege.

"Mtoe hapa," mama anasema, kitenge amekibana mdomoni. "Mtoe. Mnataka nimuue?"

Halafu akakohoa mpaka damu. Sikujua nimshike nani. Jirani ndiye aliyekuja akambeba mtoto. Alivimba kisogo, sasa amepona, usiwe na wasiwasi.

Alipotulia aliniita. "Umekasirika?"

"Sijakasirika, mama."

"Bora aanguke kuliko aambukizwe. Kidonda cha kuanguka kinaonekana." Kisha akaniuliza, "Hii dozi ya pili inakwisha lini? Ile ya kwanza ilikuwa miezi sita."

Nikasema sijui.

"Tulianza mwezi wa tano," akasema. "Basi Krismasi nitakuwa nimemaliza. Krismasi nitambeba mpaka achoke yeye."

Anahesabu, kaka. Wewe unaita matumaini. Anavumilia asimguse mtoto leo ili ambebe Krismasi, na Krismasi haipo. Daktari alivyoniambia, labda mvua za vuli tutaziona naye, labda hatutaziona. Kila siku tunayonyamaza tunamwibia siku moja ambayo angekaa na mjukuu wake mapajani, na ni siku zenyewe hizo hizo tu alizobaki nazo.

Unasema jina linaua. Labda. Lakini kifua kikuu nacho ni jina, na hilo tumempa sisi.

Mwezi wa tisa uko karibu. Njoo. Nitamfulia mama lile gauni la bluu, nitamwambia mwanao anakuja. Usinifanye nimdanganye tena.

Prudencia


Kemondo
22 Septemba 2024

Prudencia,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mvua zimeanza mapema upande huu, maharage yameota. Watoto wazima. Kokulinda ana kikohozi kidogo, mafua ya msimu tu, kimechukua muda lakini anaendelea na kazi. Padre ametangaza misa ya wagonjwa wote, nimemwandikisha mama.

Sikuja. Najua ulimwambia nakuja, na kwenye simu aliniuliza chakula gani anipikie. Nilifika bandarini. Tiketi ninayo hapa mezani, haijachanwa. Meli iliondoka nikiwa nimesimama pale na begi. Zaidi ya hapo sitaki kueleza.

Kila asubuhi niliona anameza vile vidonge. Nilimsimamia mpaka kile cha mwisho. Alikuwa akimaliza ananifungulia mdomo nione, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Usimwambie mpaka nije. Nakuomba sasa, sikuamuru. Nitakuja Desemba.

Jovinary


Mkolani
17 Oktoba 2024

Kaka Jovinary,

Shikamoo. Mihayo yupo, amepata ruhusa, ndiye anayempepea mama sasa hivi. Evelina anakimbia. Mvua za huku bado, joto linatuua, mawe yote ya mlimani yanatema moto mpaka jioni. Barua yako niliipokea. Ile ya tiketi nimeisoma mara nyingi. Sikuionyesha kwa mtu.

Nimemwambia.

Sikungoja Desemba kwa sababu yeye hatangoja. Nesi Wilhelmina alikuja Ijumaa, akanitazama tu, akaongeza dozi. Jumamosi asubuhi nikampa mama chai ya maziwa. Akanywa nusu akaisukuma. Nikakichukua kile kikombe chake cha bati, nikanywa iliyobaki, pale pale alipoweka mdomo wake. Akanipiga mkono. Mkono wake hauna nguvu tena, ni kama kupigwa na leso.

"Una wazimu wewe? Una mtoto ananyonya."

"Hauambukizi, mama."

"Kifua kikuu kimeacha kuambukiza lini? Umekuwa daktari?"

"Huna kifua kikuu."

Nje muuza vyombo anapita anapiga sufuria zake. Alipopita ndipo mama akauliza, "Basi nina nini?"

"Saratani ya mapafu."

"Kansa."

"Ndiyo, mama."

"Inapona?"

Kaka, hapo ndipo nilipokuelewa ulivyosimama bandarini. Lakini nilikuwa nimeshapanda. Nikasema haiponi, imefika kwenye ini na kwenye mfupa, na zile dawa ni za kuondoa maumivu, na nitakuwa naye.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Jovinary?"

"Anajua."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana kwenye simu ananisemesha kama padre anayeaga parokia."

Nilicheka na machozi yanatoka. Yeye hakucheka. Aliangalia pale mlangoni, mtoto alikuwa anachezea ndala za baba yake, akasema taratibu, "Kwa hiyo nilimwangusha bure."

Kama unalo jibu la hilo, niandikie.

Sitakuficha, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Siku ile alifanya ulivyosema. Aligeukia ukutani, hakula. Kesho yake pia hakula. Nikasema nimemuua, Jovinary alikuwa sahihi, nimemuua mama yangu kwa mdomo wangu. Nilikaa nyuma ya nyumba nikajikunja kama mtu wa tumbo. Jumatatu ndiyo akaniita. "Prudencia, lete uji. Na huyo mtoto mlete."

Nikamleta. Kaka, mtoto alimkataa. Alipiga kelele kama anachomwa, akanishika shingo hakubanduka. Miezi yote hii amefundishwa kwamba bibi ni mahali pa kufukuzwa, na amefundishika. Mama alikuwa amenyosha mikono yote miwili, imebaki mifupa. Akaishusha. "Muache," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Tangu hapo kila siku anafanya kazi moja tu, kumbembeleza mjukuu wake. Namweka kwenye mkeka, miguu chini. Anajifanya hamwoni. Anavuta kanga kidogo kidogo kama mtu anayemtega kuku. Juzi Evelina alikuja akamshika kidole gumba cha mguu, akakivuta, akakimbia. Mama alikaa na hilo jambo mchana mzima, anamhadithia kila anayeingia. Jana mtoto alikaa karibu akala ndizi kutoka mkononi mwake. Kupakatwa bado. Pumzi ya mama inapungua kila asubuhi, na mtoto anasogea shibiri moja kwa siku. Sijui nani atamfikia mwenzake kwanza.

Anakula na sisi sasa, sinia moja. Akilala, Mihayo akiwa upande wa pili wa pazia, wanataniana, anamwita "Msukuma aliyetuibia msichana kwa ng'ombe wa kuahidi."

Nilimweleza na habari ya moshi. Hakushangaa. Akasema, "Makohozi yangu yalikuwa meusi tangu wewe hujazaliwa. Nilidhani masizi yanatoka, nikafurahi." Halafu akauliza nani yuko bandani sasa. Nikamwambia Kokulinda. Akaniambia nikuandikie hivi, maneno yake mwenyewe: toboa banda, pande zote mbili, weka na bomba la kutolea moshi juu, samaki wakichelewa kukauka wachelewe. Na mimi naongeza langu. Umeandika kikohozi cha wifi kwenye salamu, kati ya maharage na misa, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Kimechukua muda gani, kaka? Mpeleke akapigwe picha ya kifua, na wakikupa tena dawa bila makohozi kuonyesha kitu, usirudi nyumbani, endelea mpaka hospitali kubwa. Sikutishi. Daktari alisema mapema ndiyo dawa yenyewe, na sisi hatukuwa na mapema.

Nilimweleza pia kuhusu bandari. Nilidhani utakasirika, lakini sitaki tena kushika siri ya mtu yeyote katika nyumba hii. Akasema, "Mwambie kuficha simlaumu. Hata mimi nilimficha baba yake alivyokuwa anakwisha. Kutokuja ndiko ninakomlaumu, na akija nimeshasamehe." Basi usingoje Desemba. Meli za wiki hii na wiki ijayo zipo zote mbili, nimeuliza. Ukifika bandarini mwambie Ta Muganyizi akushike mkono kama mzigo wake, akupandishe.

Tunavyohitaji ni hivi, na viletwe na wewe, visipewe mtu:

Shuka la mpira la kutandika juu ya godoro, hapa nimetumia mifuko ya mbolea, inamchubua.

Kanga kuukuu, laini, nyingi utakazopata, za kumgeuzia na kumsafishia. Mpya zinakwaruza.

Mito miwili ya sufi kutoka chumba cha tata. Ya sponji inabonyea, hainyanyui kifua.

Feni ndogo ya betri ya kushika mkononi.

Mafuta ya glisirini ya midomo.

Ndizi mbivu zile fupi tamu za nyuma ya jiko, usichukue za sokoni. Ni za Evelina, mama anataka awe nazo mkononi.

Jibu la picha ya kifua ya Kokulinda.

Sare ya mama ya Wawata, ile ya wanawake Wakatoliki, pamoja na kilemba chake, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, Kokulinda anajua. Ameiomba mwenyewe. Nilimwambia mama kwamba wifi ataipunguza kiuno, kwa sababu yeye amekonda sana. Amesema mnajisumbua, atakuwa amelala, haitaonekana.

Prudencia